Mashine ya Mama Mkwe Yakataa Feni Yangu

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Dalmas, fundi wa simu na redio, Raila Village, Kibera. Kibanda changu ni kile cha mabati ya bluu kilichoandikwa "Tunafufua". Waliokuwa nami wiki jana waliniacha barabarani nikicheka peke yangu hadi watu wakanipisha njia.

Nilikuwa nikicheka kwa sababu Mama Tracy alikuwa amenipa sharti moja tu, na nililiona jepesi.

Mama Tracy, jina lake Rahab, ni mjane mwenye ploti ya nyumba kumi na mbili kule Kawangware, upande unaopakana na Riruta. Tracy ni bintiye wa pekee. Nampenda Tracy. Hilo nimelisema hapa wiki tano mfululizo na bado sijachoka.

"Mimi sijali kama umetoka ziwani ama wapi," Mama Tracy aliniambia. "Nataka nijue kama unaweza kutunza kitu kiko na uhai. Mayai ni hayo, mia moja na ishirini. Siku ishirini na moja. Yakitoa vifaranga, Jumamosi hiyo ulete wazee wako."

"Na yasipotoa, Mama?"

"Basi uwaambie wapumzike nyumbani."

Mayai yalikuwa ndani ya mashine ya kuangua ambayo Mama Tracy aliinunua kwa jasho lake, akailipia yote siku moja. Risiti aliifunika kwa plastiki, akaitundika ukutani kando ya picha ya marehemu mumewe. Mashine yenyewe ina akili. Inajipima joto, inayageuza mayai bila kuguswa, kisha inatuma habari kwenye simu ya Tracy. Mama Tracy mwenyewe ana kabambe, ile simu ya vitufe, ambayo nimeitengeneza mara mbili na kuicheka mara nyingi zaidi.

Tracy alikuwa na amri ya kusoma joto tu. Mwaka jana alisahau kufunga banda, mbwa wakamaliza kuku thelathini. Tangu siku hiyo mamake alimwapia kwamba akigusa kitu chochote cha kuku tena, atamjua vizuri.

Tena mkumbuke feni. Miezi miwili iliyopita feni ya mashine ilikufa, nami nikaitoa na kuweka nyingine niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu kibandani kwangu. Ilizunguka vizuri kuliko ile ya kwanza. Siku hiyo ndiyo niliyokaribishwa ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza, nikala mukimo hadi nikafungua mshipi.

Basi mmefika nilipo.

Alhamisi asubuhi, siku ya kumi na tisa, Mama Tracy aliondoka kwenda Limuru kumwalika Mzee Kagiri, kakake marehemu mumewe. Mzee huyo ndiye angezungumza kwa niaba ya familia. Akiwa mlangoni aligeuka na kunyoosha kidole.

"Hizi siku tatu za mwisho hakuna kufungua mashine. Hata kidogo. Mmesikia?"

"Tumesikia," tukajibu pamoja.

Saa nne hivi nilikuwa chumba cha mashine nikinywa chai, kikombe mkono huu na mandazi mkono huu. Tracy alikuwa ameketi kwenye debe. Simu yake ikalia.

"Babe, mashine inasema iko na update."

"Ya nini?"

"Ati kuboresha usalama na utendakazi."

"Ngoja nioshe mikono nione."

"Nishabonyeza."

Nataka kukiri jambo hapa. Kwa miaka tisa nimewaambia wateja wangu kwamba kifaa kikifanya kazi vizuri, usikubali update kabla ya kuuliza. Sikuwahi kumwambia Tracy. Mtu hufundisha dunia nzima, wa nyumbani kwake akamsahau.

Mashine ilijizima, ikajiwasha, ikaimba kawimbo kazuri. Kisha feni ikanyamaza. Taa ya joto nayo ikazima. Kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno: Kipuri hakitambuliki. Mashine imefungwa kwa usalama wako.

"Usalama wangu?" nikaiuliza. "Mimi nakunywa chai! Mayai je?"

Mashine haikunijibu. Tracy alikuwa ameshika kichwa.

"Dalmas, mathe ataniua. Aliniambia nisibonyeze kitu."

"Hatakuua."

"Humjui. Bado anahesabu wale kuku thelathini."

Machozi yakaanza kumtoka, nami siwezi kuona machozi ya Tracy nikabaki na akili. Nikamshika mabega.

"Sikiza. Tukiulizwa, ni mimi nilibonyeza. Wewe hukuwa karibu. Naapa."

Niliapa haraka hivyo, kabla hata ya kumeza.

Nikaipigia kampuni. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu mhariri wa gazeti hili ni mwoga. Baada ya nyimbo nne za kusubiri, dada mmoja mwenye sauti ya asali akapokea.

"Asante kwa kutupigia, bwana. Nikusaidie na nini?"

"Mmefunga mashine yetu."

"Mfumo umetambua feni ambayo si yetu."

"Feni yenu ilikufa, dada. Hiyo imefanya kazi miezi miwili."

"Ni kweli. Hapo awali mfumo haukuwa na uwezo wa kuitambua. Sasa umeboreshwa."

"Umeboreshwa ili usifanye kazi?"

"Ili ufanye kazi na vipuri halisi."

"Hii mashine ni ya nani? Risiti iko hapa ukutani."

"Mashine ni ya mteja kabisa, bwana. Programu iliyo ndani ndiyo yetu. Mteja amepewa ruhusa ya kuitumia."

"Basi rudisheni programu ya jana."

"Haiwezekani kurudi nyuma. Fundi aliyeidhinishwa atafika Jumatatu, kati ya saa tatu na saa kumi na moja."

"Dada, hawa ni watoto! Wanatoka Jumamosi!"

Akashusha sauti.

"Mimi pia nafuga. Tafuta njia wapate joto. Na mimi sijasema kitu." Sauti ikapanda tena. "Je, kuna lingine ningekusaidia nalo leo?"

Nilikasirika, wasomaji wangu, hasira ya kweli. Ukinunua sufuria sokoni, aliyekuuzia haji jikoni kwako miezi sita baadaye kukuambia mwiko wako haumpendezi na kwa hiyo leo hupiki. Angefukuzwa na mtaa mzima. Lakini huyu wa mashine hata mlango hakuhitaji kubisha. Alipita kwenye simu ya mpenzi wangu nikiwa nakula mandazi.

Basi nikafanya wanachofanya mafundi wote wakikasirika. Nikachukua bisibisi.

Nyuma ya mashine kulikuwa na karatasi ya rangi ya fedha, iliyobandikwa kama muhuri. Nilipoing'oa tu, mashine ikapiga king'ora. Kikalia nusu dakika, kisha kila kitu kikazima, hata kile kioo. Sasa haikuwa imefungwa tena. Ilikuwa maiti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Khamala, mpangaji wa nyumba namba nne, kibarua wa mjengo, mwenye kuku wawili anaowapenda kuliko majirani zake wengi. Siku hiyo hakuwa amepata kazi.

"Fundi, hiyo kitu inalilia nini?"

Nilitafuta uongo, nikakosa. Nikamweleza yote, isipokuwa ni kidole cha nani kilichobonyeza.

Khamala akatazama mayai kupitia glasi. "Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Hao washakuwa watu. Leta katoni na balbu. Kuku huangua bila simu, sisi tutashindwaje?"

Tukafungua mashine, ile tuliyoambiwa tusifungue hata kidogo. Tukahamisha mayai mia moja na ishirini ndani ya katoni ya televisheni iliyotandikwa blanketi, balbu nne za zamani juu, bakuli la maji pembeni, na kipimajoto cha mtoto wa nyumba namba saba. Kufikia saa nane joto lilikuwa sawasawa. Tracy akatabasamu. Khamala akatoka nje kupokea simu.

"Ni mke wangu," akasema aliporudi. "Yuko Kakamega, anapenda kuongea."

Nilijiona mshindi. Hilo lingenitosha kujua kwamba kesho kuna jambo.

Ijumaa saa sita mchana, tukasikia mlio mmoja mkubwa upande wa barabarani. Balbu zote nne zikazima pamoja. Nikatoa kichwa nje. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pake, na mteja kando yake amenyolewa nusu.

"Ni transfoma," akasema. "Hadi Riruta hakuna."

"Itarudi saa ngapi?"

Watu watatu wakacheka kwa pamoja.

Nilirudi ndani nikaketi chini. Nawaambia ukweli, nilikata tamaa. Niliweka mkono juu ya katoni nikahisi joto likiondoka polepole, na nikawaza nitamwambiaje baba mdogo Jeconia, ambaye alikuwa ameazima koti la suti wiki nzima kabla. Tracy aliketi kando yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu.

Khamala ndiye aliyesimama.

"Hii ploti iko na nyumba kumi na mbili."

"Kwa hivyo?"

"Kila nyumba iko na hotipoti ya chapati. Kazi ya hotipoti ni gani?"

Nikamtazama. Tracy akamtazama. Kisha sisi wawili tukakimbia kama watu waliosikia maji yamerudi kwenye mfereji.

Katika nusu saa tukakusanya hotipoti kumi na mbili, na hakuna mpangaji aliyetunyima. Kila moja ilikuwa na alama ya rangi ya kucha kwenye kifuniko, kama kawaida ya wenye vyombo, maana kwenye sherehe hotipoti ya mtu huondoka na mtu mwingine. Namba mbili alama yake msalaba wa zambarau. Namba tisa mistari ya kijani. Moja ilikuwa na nukta nyekundu.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mathe," Tracy akasema. "Ziko mbili, nimechukua moja tu. Namba kumi na moja yao haifungi."

Mayai kumi kumi. Kila hotipoti ikatandikwa kitambaa, katikati ikawekwa chupa ya soda iliyojaa maji ya moto, chupa ikavishwa soksi. Vifuniko tuliviacha wazi kidogo kwa kibanio cha nguo ili waliomo wapumue. Maji tuliyachemsha kwa jiko la makaa uani.

"Usipime na kidole," Khamala akanikataza. "Kidole cha fundi kimekufa. Pima na kiwiko, kama maji ya kuogesha mtoto."

Kwa hiyo tukapima na viwiko. Kile kipimajoto cha namba saba kilipinga kiwiko cha Khamala mara moja tu, na tulipoangalia vizuri tukaona ni kipimajoto kilichokosea. Tulipanga hotipoti zote chumbani kwake, tukabadilisha chupa kila saa kwa zamu, na wapangaji wakaanza kupita kuuliza hali ya wagonjwa. Khamala alitoka mara sita kuongea na Kakamega. Nilimwonea wivu kwa ndoa yake.

Jioni Mama Tracy akarudi kutoka Limuru. Nilikuwa nimeifunika glasi ya mashine kwa leso.

"Joto?" akauliza.

"Thelathini na saba nukta tano, Mama."

"Mbona umefunika?"

"Mwanga unawasumbua."

"Na stima imepotea. Inafanya kazi aje?"

"Iko na betri ndani."

"Aah. Betri." Akaitazama leso, akanitazama mimi. "Teknolojia ni kitu kizuri. Na hotipoti yangu moja iko wapi?"

"Naiosha, Mama. Ya wageni."

"Wewe ni kijana mzuri, Dalmas."

Akaenda kumenya viazi. Nilibaki nimesimama pale, jasho likinitoka mpaka kwenye soksi.

Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi, ndani ya hotipoti ya namba tisa, kitu kikalia. Kidogo hivi. Piu.

Nikainua kifuniko. Yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mdomo wa manjano usiozidi punje ya mchele ulikuwa ukigonga. Nikapiga magoti. Sioni haya kuwaambia kwamba nililia. Fundi niliyefufua simu zilizoanguka chooni sikuwahi kuona kitu kikijifungulia chenyewe namna ile, bila nambari ya siri wala ruhusa ya mtu.

"Tracy! Njoo!"

Tracy alikuja na mswaki mdomoni. Aliona, akanikumbatia na povu lote.

Kufikia saa tano walikuwa wametoka vifaranga tisini na saba, na wengine walikuwa bado wanagonga. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wazee wale chakula, wazungumze, wanywe chai. Kisha mimi nikimbie kwa Khamala, niwahamishe vifaranga wote ndani ya mashine kimyakimya, nimwite Mama Tracy, nitoe leso. Karibu Mama, hesabu.

Wazee wangu walifika saa sita. Baba mdogo Jeconia alitangulia na koti lake la kuazima, yeye aliyetoka ghorofani Soweto East bila kunywa chai ili aache nafasi. Nyuma yake walikuwa wazee wengine wawili wa kwetu. Hema dogo lilikuwa limesimamishwa uani. Tukaketishwa meza ya mbele, uso kwa uso na Mzee Kagiri.

"Tumekuja kuona boma," Jeconia akasema. "Tulisikia kuna boma zuri Kawangware, na huyu kijana wetu amekuwa akipotelea huku. Tukasema twende tuone ni nini kinamla."

Watu wakacheka. Mzee Kagiri akacheka. Hata Mama Tracy alicheka, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Wageni wale kwanza," Mama Tracy akasema, kisha akawageukia wasichana waliokuwa wakihudumu. "Leteni hotipoti za nukta nyekundu meza ya wageni."

"Zote mbili?" mmoja akauliza.

"Zote mbili."

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Mzee Kagiri akaweka kofia mezani.

"Tuombe."

Nani husimama mzee akiomba? Nilikaa. Nikafumba jicho moja. Mzee Kagiri akashukuru kwa mvua ya Limuru, kwa wageni, kwa barabara walizopitia, kwa marehemu ndugu yake. Kwa jicho lililobaki nikamwona msichana akitoka nyumba ya Mama Tracy na hotipoti ya nukta nyekundu. Akaiweka mbele ya Mzee Kagiri. Kisha nikamwona mwingine akitoka nyumba namba nne na ile ya pili. Kile kibanio cha nguo alikuwa amekitoa.

Akaiweka mbele ya Jeconia.

Nikamtafuta Tracy. Alikuwa amesimama kando ya jiko, ameona, mkono mdomoni.

"...na utubariki sisi sote."

"Amina!" Jeconia alisema kabla ya wote, na akafunua.

Baba mdogo alibaki ameinua kifuniko.

"Omera," akaniambia polepole. "Hizi chapati zinaongea."

Vifaranga tisa na yai moja. Mmoja akapanda juu ya chupa yenye soksi, akawatazama wazee wa pande zote mbili, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Jeconia akaingiza mkono, akamtoa kwa upole, akamweka kiganjani. Uani watu walikuwa wakijiuma midomo wasicheke.

Mama Tracy peke yake ndiye hakushangaa.

"Dalmas," akasema. "Mashine yangu iko wapi?"

"Iko chumbani, Mama. Lakini imekufa."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Nikaeleza mbele ya wote. Feni, update, king'ora, katoni, transfoma, viwiko. Nilipofika kwa yule dada wa kampuni na programu yake, Mzee Kagiri alipiga meza.

"Ati mashine ni yako lakini iliyo ndani ni yao? Hiyo ni sheria ya wapi?"

"Hata mimi niliuliza, Mzee."

"Ngoja, baba mkubwa wa Tracy," Mama Tracy akasema. "Hao wa kampuni nitawapata Jumatatu, na risiti yangu nitatembea nayo. Leo niko na huyu. Dalmas, tangu jana umenidanganya mara ngapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. "Tatu, Mama."

"Nne. Umesahau ya betri."

Hapo hema lote likacheka, isipokuwa mimi na yeye.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Khamala."

Nikageuka. Khamala alikuwa akiangalia paa la hema kana kwamba hajawahi kuona hema. Kakamega! Mke anayependa kuongea!

"Ningeshuka kutoka Limuru Alhamisi hiyo hiyo," Mama Tracy akaendelea. "Lakini Khamala akaniambia mayai yako sawa, kijana anahangaika nayo kuliko mama yao. Nikasema wacha nione. Nikakungoja jana uniambie mwenyewe. Nikakuuliza joto, ukanipa nukta tano. Nikakuuliza hotipoti, ukaniosha. Leo nikaagiza iletwe kutoka namba nne."

"Niliogopa, Mama. Niliogopa utasema nisilete wazee."

"Hiyo naelewa. Sasa nakuuliza swali moja mbele yao, na hili usinidanganye. Ukinidanganya, utarudi nao Kibera saa hii, na chapati nitawafungia mle njiani. Hiyo update ilitaka mtu akubali. Nani alibonyeza?"

Kufikia hapo nilijua jambo moja la kunifariji. Khamala aliingia baada ya king'ora. Hakuona kidole. Hakuna aliyeona, ila mimi na Tracy.

Nilimtazama Tracy. Alikuwa amejishika mikono. Nikakumbuka debe alilokalia, machozi, na kiapo changu. Nikawaza pia kuhusu mwanamke huyu aliyeketi mbele yangu, aliyeniomba jambo moja tu la kweli. Nawaambia, yalikuwa yote mawili mazito, na sikuwa na muda wa kuyapima na kiwiko.

"Ni mimi," nikasema.

Mama Tracy hakubisha. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kabambe. Ile ya vitufe. Ile niliyoitengeneza mara mbili na kuicheka.

"Mashine niliinunua kwa jina langu," akasema. "Kwa hivyo wao huniandikia mimi."

Akamfungulia Jeconia ujumbe, akamsukumia simu mezani. Baba mdogo akamhamishia kifaranga mkono wa kushoto, akaishika simu mbali na macho kama wasomavyo wazee, akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Mteja mpendwa. Sasisho limekubaliwa kupitia simu ya Tracy, Alhamisi saa nne na dakika kumi na mbili. Asante kwa kutuamini."

Vifaranga waliendelea kulia ndani ya hotipoti.

Jeconia akairudisha simu mezani bila kuniangalia. Nilijua anachofikiria. Ametoka Soweto East na koti la watu, kumwombea mke kijana ambaye amedanganya mbele yake akiwa ameonywa.

Mzee Kagiri akajikuna kidevu.

"Rahab," akasema, "huyu umempa mayai, amekupa kuku. Kisha amekudanganya mara nne akijificha, na ya tano amedanganya akimficha mtoto wetu. Mimi ndiye msemaji hapa, lakini hili siwezi kusema bila wewe. Tumwite mwongo, ama tumwite mkwe?"

Mama Tracy alichukua kifuniko cha nukta nyekundu, akafunika hotipoti, akaacha nafasi ya kidole kimoja ili walio ndani wapumue. Kisha akanitazama.

"Simama," akaniambia.

Nikasimama. Na kule kando ya jiko Tracy akavua aproni, akaja moja kwa moja hadi meza ya mbele, akasimama ubavuni mwangu, ingawa hakuna aliyemwita.